Gari Kabla ya Rangi

Rangi ni kitu cha kupendeza. Huifanya nyumba ya udongo ionekane mpya, na motokaa iliyochakaa ionekane kana kwamba imetoka kiwandani jana. Lakini rangi ina tabia moja ambayo yakupasa kuijua, msomaji kijana: haichagui inachokifunika. Hufunika uzima na ubovu sawasawa. Wahenga waliliona jambo hili kabla motokaa hazijafika nchini mwetu, wakasema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Methali hiyo naifundisha darasani kila mwaka, lakini maana yake niliishika kwa mikono katika karakana ya jua kali mjini Kericho. Ndugu yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alishika njia ya ufundi wakati mimi nilipokwenda chuo cha ualimu, na wakati wa likizo hupenda kwenda kumsaidia. Mwezi wa Agosti mwaka 2019 nilimkuta akiunda gari.

Huenda ukadhani kwamba magari huundwa ughaibuni tu. Sivyo. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya majaribio yaliyoitwa Nyayo Pioneer yakaonyeshwa kwa wananchi. Hayakupata kuundwa kwa wingi, lakini yalithibitisha kwamba mikono yetu yaweza. Gari la ndugu yangu lilikuwa dogo kuliko ndoto hiyo. Chesisi ilitoka katika pikapu kuukuu, injini ikatoka katika gari jingine, na bodi aliiunda mwenyewe.

Mwenye gari alikuwa mjomba wetu, mkulima wa chai upande wa Bomet, naye alikuwa na haja maalumu. Chai huchumwa majani mawili na kichipukizi. Jani likisha kuchumwa bado li hai, hupumua na kutoa joto. Likishindiliwa mahali pasipo hewa huungua lenyewe kwa lenyewe na kuharibika kabla ya kufika kiwandani. Kwa hiyo mjomba alitaka bodi yenye pande za wavu wa chuma, sakafu yenye matundu, na paa la kuzuia mvua na jua. Chini ya paa hilo angeketi pia kijana wa kupakia na kupakua magunia.

Bodi ilipokamilika, mjomba alifika kuitazama. Aliona chuma kitupu chenye madoa ya moto, akatoa fedha mfukoni. "Ipakeni rangi ya kijani, kama chai yenyewe," akasema. "Nataka niiendeshe kabla ya Oktoba." Oktoba ndio mwezi ambao wakulima wadogo wa chai hulipwa bonasi, na mtu hupenda kuonekana.

"Nitaipaka, mjomba," ndugu yangu akajibu kwa adabu. "Lakini kwanza itembee uchi."

Alikuwa na sababu tatu. Kwanza, rangi na moto havipatani: kasoro ikigunduliwa baadaye, hapana budi kukata na kuchomelea upya, na rangi yote ya mahali pale huungua. Pili, kabla ya rangi fundi hupaka pati ili kusawazisha maungio, na pati huficha ufa kama poda ifichavyo kovu. Tatu, gari jipya hufunguliwa na kufungwa mara nyingi, na kila spana hukwaruza. Hata hivyo, nchi ya chai ni nchi ya mvua, na chuma kitupu hakikawii kushika kutu. Basi kila jioni tuliipangusa bodi kwa kitambaa chenye oili, tukaifunika turubai.

Gari lisilokaguliwa wala kusajiliwa halina ruhusa ya kwenda barabara kuu. Tuliomba njia ya ndani ya shamba, mwenye shamba akakubali. Kazi yangu ilikuwa kushika daftari na chaki. Kila mlio, kila tone la oili na kila harufu niliiandika. Kisha juu ya chuma nilichora duara mahali pa kukaza, na msalaba mahali pa kukata na kuchomelea upya.

Siku ya kwanza gari lilikwenda tupu. Usukani ulivuta kushoto, nikaandika. Siku ya pili tulipakia magunia ya mchanga, tukiongeza kidogo kidogo hata ukafika uzito alioukusudia mjomba. Springi zilipobonyea, gurudumu la nyuma likagusa bodi, nikachora duara. Siku ya tatu tuliteremka mlima na mzigo ule ule. Breki zilishika, ila moja ilinuka kwa joto. Ndugu yangu alipokuwa akiikagua, mwanga wa tochi yake ulipita juu ya nguzo ya paa, ukasimama. Pale nguzo ilipoungana na bodi palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Hakusema neno. Alinishika kidole akakipitisha juu yake, nami nikachora msalaba.

Nilikumbuka jambo lililotuliza watu wengi mwaka mmoja kabla yake. Mwezi wa Oktoba mwaka 2018, huko Fort Ternan, katika kaunti yetu ya Kericho, basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega liliacha barabara likabingirika. Paa lake liling'oka, na watu zaidi ya 50 wakafa. Sikuambii chanzo cha ajali ile. Nakuambia tu kwamba paa la gari si pambo.

Mjomba alipoonyeshwa ufa ule, hakutaja Oktoba tena. Nguzo ilikatwa, ikachomelewa upya na kutiwa kipande cha pembetatu cha kuitegemeza. Gari likateremka mlima ule mara mbili na mzigo wake. Rangi ya kijani ilipakwa mwezi wa Novemba.

Kijana, hata wewe una kazi mikononi. Insha yako ya kwanza, hesabu unayoijaribu, shauri unalotaka kulitoa mbele ya watu: yote ni vyuma vitupu. Usiharakishe kuvinadhifisha ili usifiwe. Vitwishe mzigo wa kweli, uviteremshe mlimani, na umwite mtu mwenye macho makali avitazame. Alama ya chaki haimwaibishi fundi. Hufutika kwa kitambaa. Lakini ufa uliofunikwa kwa rangi humngojea abiria.