Kukwangua Mlango Kiponda

Keko, ninakofanyia kazi ya samani jijini Dar es Salaam, rangi ya zamani hutolewa kwa kelele. Unawasha grainda, vumbi linafika barabarani, na kabla ya adhuhuri kabati la marehemu bibi limegeuka mbao mpya. Mteja anafurahi, analipa, anaondoka. Kwa hiyo jirani yetu, mama wa Kiunguja aliyeolewa Temeke, aliponiambia kuwa mlango wa nyumba ya kwao Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, unatolewa rangi, kwamba fundi ameanza zamani na bado hajafika nusu, nilicheka. Akaniambia, "Usicheke, mwanangu. Nenda ukaone." Nikakata tiketi ya boti.

Sikuwa nimewahi kuvuka. Tupo wengi hivyo, tuliozaliwa tukiziona boti za Zanzibar zikiondoka kila siku pale ng'ambo ya kanisa la Azania Front na bado hatujapanda. Safari yenyewe ni ya saa mbili hivi, na mkondo ulitutikisa kiasi cha mabaharia kugawa mifuko ya kutapikia. Mimi nilijishughulisha na simu. Mpwa wangu anayesoma Leicester alikuwa amesikia naenda kutazama kazi ya kutoa rangi, akanitumia ujumbe mrefu kuhusu kazi kama hiyo ya kwake. Yeye na wenzake hucheza vita vya mezani kwa vijisanamu vya askari, vidogo kuliko kidole gumba, wanavyovipaka rangi wenyewe. Wakinunua vilivyotumika, huvikuta vimepakwa vibaya, rangi juu ya rangi, hadi sura za askari hazionekani. Basi huviloweka kwenye Dettol, ile ile ya kuogea, kisha huvisugua kwa mswaki wa zamani. Alinionya nisisuuze kwa maji mapema, maana rangi iliyolainika ikikutana na maji hurudi kuwa gundi. Akaniambia pia kuwa cha chuma huvumilia karibu kila dawa, lakini cha plastiki ukikitia kwenye asetoni kinayeyuka chenyewe pamoja na rangi. "Mjomba, kwanza ujue kilicho chini," aliandika. Nilidhani ni mchezo wa watoto wa Ulaya, nikaizima simu.

Boti ilipokaribia, mji ulijitokeza wote kwa mara moja: Shangani, Forodhani, halafu jengo la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, pamoja na mnara wa saa, watu wawili wakafariki. Nilikuwa nimeziona picha za ajali hiyo kwenye simu. Kuupita ukuta wenyewe ukiwa majini ni jambo lingine. Kutoka bandari ya Malindi hadi Kiponda ni mwendo mfupi wa miguu, ila vichochoro vilinizungusha, na kila niliyemuuliza njia alinijibu baada ya salamu kamili ya afya, watu wa nyumbani na habari za bara.

Mlango niliukuta umeegemezwa ndani, kwenye ukumbi, bawa moja limelazwa juu ya magogo. Fundi alikuwa mzee wa kanzu iliyokunjwa hadi magotini, amekaa kwenye kigoda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Mkononi alikuwa na kipande cha kioo cha dirisha. Hicho ndicho kilichokuwa kifaa chake kikuu. Alikipitisha kwenye ubao mpana taratibu, na rangi ya kijani ikatoka kwa maganda membamba, chini yake kahawia, chini yake buluu, kisha mti.

Mbao zilikuwa za msaji, ule ulioletwa kwa bahari kutoka India na kwingineko, mzito na wenye mafuta yake. Milango mingine ya mji huu ni ya mfenesi au mvule. Fundi alinitaka niunuse. "Wataka kujua mti, unuse kwanza. Dawa inayoufaa huu itaunguza ule." Nikamtaja mpwa wangu na askari wake wa plastiki. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza, akasema huyo kijana aletwe, ana akili.

Nilimuuliza kwa nini asitumie soda kali, ile kaustiki, inayotoa rangi kwa dakika chache. Akanionyesha bawa la mlango mwingine lililokuwa kona, lililochovywa na mtu mwenye haraka. Lilikuwa jeusi kama sufuria ya kuni, nyuzi za mti zimesimama, na gundi ya viungo imeachia. Soda huingia ndani ya mti, na usipoiua kwa siki na maji mengi, huendelea kula kimyakimya huku wewe ukidhani kazi imekwisha. Moto nao? Nyumba hizi zina boriti za miti kwenye dari, vichochoro havipitishi gari la zimamoto, na rangi ya zamani ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Dawa kali za madukani zenye dikloromethani zimeua mafundi waliofanya kazi vyumba visivyo na hewa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 2019 kuwauzia watu wa kawaida dawa hizo za kutolea rangi. Grainda sikuitaja tena.

Kazi ngumu ilikuwa kwenye nakshi. Kwenye kizingiti cha juu na miimo ya pembeni palikuwa na mayungiyungi, minyororo na mawimbi, yote yamezibwa na rangi hadi yakawa mavimbe tu. Huko kioo hakiingii. Fundi hupaka dawa laini, nzito kama uji, hufunika kwa karatasi ya nailoni isikauke, huiacha hadi siku ya pili, kisha huchokoa kwa kijiti cha mwanzi alichokichonga ncha. Chuma hakitumii hapo hata kidogo, kwa kuwa mwanzi hukatika kabla ya kuuumiza mti. Akimaliza shimo moja hupangusa, huhamia la pili. Nilikaa naye hadi adhana ya alasiri akiwa kwenye ua moja. Lakini ua lile lilipofunguka, niliona alama za patasi ya aliyelichonga, mkato kwa mkato, hata mahali mkono wake ulipobadilisha mwelekeo. Grainda ingezila alama hizo zote, na mlango ungebaki na umbo la ua bila mkono wa mtu.

Jioni kijana wa nyumba alinitembeza. Tuliiona nyumba aliyoishi Tippu Tip, kule Shangani, na mlango wake wa nakshi. Tukaiona milango yenye njumu za shaba zilizochongoka, ambayo wanaotembeza wageni husema ilitengenezwa hivyo kuzuia tembo. Ni masimulizi ya India. Unguja haina tembo wa kuvunja mlango wa mtu. Nilichokigundua mwenyewe ni kwamba milango inayopendeza wageni ni ile iliyokwanguliwa ikapakwa mafuta, inang'aa kahawia, mbele ya hoteli. Ya wenyeji mingi bado ina rangi ya mafuta, imepauka, na hakuna anayeipiga picha.

Nilipomwambia fundi kuwa hiyo ya rangi inasikitisha, alinikatiza. Baada ya Mapinduzi ya 1964, alisema, nyumba nyingi hapa zilichukuliwa na serikali wakaingia wapangaji, na mpangaji hana fedha ya kuuhudumia msaji wa mtu. Alichokuwa nacho mpangaji ni kopo la rangi. Chumvi ya bahari na jua vingeumaliza mlango huu, rangi ndiyo iliyoutunza. Isitoshe, rangi kwenye milango si uchafu wa kisasa peke yake. Milango ya nakshi ya Kibajuni, kule pwani ya kaskazini, ilipakwa nyekundu, nyeusi na nyeupe tangu zamani, na anayeikwangua hadi mti mtupu kwa kudhani anaurudisha uasili anaufuta.

Kwa hiyo nyuma ya bawa, karibu na bawaba, alikuwa ameacha eneo la ukubwa wa kiganja bila kuligusa, tabaka zote zikiwa mahali pake. Atakayekuja baadaye akitaka kujua mlango huu ulipita rangi gani na kwa mpangilio upi, atakuta ushahidi. Nadhani huo ndio uamuzi bora nilioushuhudia kwa fundi yeyote, na haukumgharimu chochote.

Anayetaka kuutoa rangi mlango wa kwao ndani ya Mji Mkongwe aanze kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi kwenye majengo yake zinahitaji kibali. Popote ulipo, ichukulie rangi ya zamani kuwa ina madini ya risasi hadi ithibitike vinginevyo. Usiipige msasa mkavu. Ilowanishe, vaa barakoa, kusanya maganda yote kwenye mfuko, pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, na nawa kabla ya kushika mkate. Watoto wakae mbali kabisa, maana Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Na vitambaa vyenye mafuta ya kitani utakavyopakia mwishoni usivirundike kona: vitandaze nje vikauke, kwa kuwa vikirundikwa huweza kuwaka moto vyenyewe.