Mafunjo ya Mama

Mwaka 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto wake katikati ya Goma hadi ndani ya Ziwa Kivu. Leo, kando ya maji, majani yanaota kwenye nyufa za mawe yale meusi. Nilitaka kuyachora. Nilipofuata kila jani, picha ikafanana na ya kitabu cha shule. Nikaacha maumbo, nikabakiza rangi: nyeusi nzito chini, mistari ya kijani ikipanda, buluu niliyoikwangua kwa kisu.

Mama akaitazama. “Mwanangu, hii ni kitu gani?”

Maneno ya darasani nilikuwa nayo. Niliona haya kuyatumia.

Akasogea, akagusa ile mistari ya kijani. “Haya ni mafunjo ya Vitshumbi. Tulikuwa tunayakata, tunasuka mikeka.”

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi huko kwetu Rutshuru, kwenye Ziwa Edward. Vita vilitutoa huko, na hatujarudi. Mimi nilichora Kivu. Yeye aliona nyumbani. Ningechora majani ya Goma yalivyo, asingepata pa kuingilia.

Sikumsahihisha. Nyuma ya picha niliandika jina alilolitaja yeye.