Kijiji Chenye Kila Kitu, Ila Usafiri

Akina mama wenzetu, mkipata habari kwamba binti au dada yenu aliyekwenda Uingereza kufanya kazi ya uuguzi anaishi kijijini, msije mkadhani anachota maji mtoni na kupikia kuni. Sisi wauguzi wachache kutoka Kenya tunafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Cranleigh, kaunti ya Surrey, kusini-magharibi ya London. Tungependa kuwaeleza kijiji hicho kilivyo, na hasa jambo moja ambalo hatukuambiwa wakati tukifunga mizigo.

Cranleigh ina watu zaidi ya 11,000. Kwetu huo ni mji, tena wenye stendi ya matatu. Wenyeji hupenda kusema kwamba ndicho kijiji kikubwa kuliko vyote Uingereza, ingawa viko vijiji vingine vinavyodai vivyo hivyo. Kinaongozwa na halmashauri ya parokia. Hilo ni jina tu, kwani kanisa halina mamlaka juu yake. Kwa sheria ya mwaka 1972, halmashauri ya namna hiyo inaweza kupitisha azimio na kujiita ya mji, lakini wenyeji wameridhika na neno kijiji.

Na huduma zipo. Barabara kuu ina maduka makubwa na madogo, duka la dawa, maktaba, wauza nyama na wauza mikate. Wapo madaktari, zipo shule, kuna ukumbi, soko la kila wiki, uwanja wa kriketi na kanisa la mawe la Mtakatifu Nikolasi. Mama anaweza kulea watoto wake hapo bila kukosa kitu cha lazima.

Kilichotugusa zaidi sisi wauguzi ni hospitali yake. Mwaka 1859 daktari wa kijiji, Albert Napper, alichoka kuona vibarua wa mashambani wakiumia na kusafirishwa mbali, au kulazwa nyumbani penye baridi na msongamano. Kasisi Sapte akampa nyumba ndogo bila kodi, wakaweka vitanda sita. Mgonjwa alitoa kila wiki kiasi alichoweza, na wenye nacho wakachangia yaliyobaki. Inahesabiwa kuwa hospitali ya kwanza ya aina hiyo Uingereza, na vijiji vingi viliiga. Tunaosukuma harambee za zahanati kwetu tunaijua kazi hiyo.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Treni ilifika Cranleigh mwaka 1865. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1965, njia hiyo ikafungwa pamoja na nyingine nyingi zilizoonekana hazilipi, kufuatia ripoti ya Dakta Richard Beeching ya mwaka 1963. Leo palipopita reli ni njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, nzuri sana Jumamosi jua likiwaka. Kisha mwaka 2006 vitanda vya kulaza wagonjwa katika hospitali ya kijiji vikafungwa. Mgonjwa wa kulazwa hupelekwa Guildford, kama kilomita 13. Mwenye gari haoni shida. Asiye na gari hutegemea basi.

Kuna mama tunayesali naye, ana miaka 86. Aliacha kuendesha gari macho yalipofifia. Mumewe alivunjika nyonga, akalazwa Guildford majuma matatu. Wazee wa Uingereza hupanda basi bure, lakini siku za kazi pasi yao huanza kutumika saa tatu na nusu asubuhi, kwa hiyo daktari akipita wodini mapema, mama huyu alikuwa hajatoka nyumbani. Ilikuwa Desemba, na mwezi huo jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Alikuwa akikatiza mazungumzo na mumewe ili asikutwe na giza kituoni, kwenye barafu, naye anatembelea mkongojo. Binti yake yuko mbali kwa saa tano za gari. Tulimwona akipungua uzito, tukajua kwamba wagonjwa sasa ni wawili.

Waliomwokoa ni majirani wanaojitolea. Vijiji vingi vya Uingereza vina watu wa namna hii: wastaafu wanaompeleka mtu hospitali kwa gari lao, wanamsubiri, wanamrudisha, na kupokea mchango wa petroli tu. Aliyempeleka mama yetu ni bibi mwenyewe. Ukifika miaka 70 Uingereza, leseni huombwa upya kila miaka mitatu, naye alikuwa amekwisha kuomba mara mbili. Tulijiuliza nani atampeleka yeye. (Bibi huyo hutaka tumwite kwa jina lake tupu. Ulimi wetu umekataa, tunamwita Mama, naye hucheka.)

Hata sisi tulionja. Zamu ya jioni ikiisha, mabasi yamekwisha au yamebaki ya kubahatisha, na Jumapili ni machache. Leseni ya Kenya hukubaliwa miezi 12 tu tangu uanze kukaa Uingereza, baada ya hapo ni kufanya mtihani wao, wa maandishi na wa barabarani. Wenzetu wanaojiandaa kuja, kabla ya kutia sahihi mkataba ulizeni basi la mwisho huondoka saa ngapi na nyumba ya kupanga iko umbali gani kutoka kazini. Mshahara utatajwa bila kuulizwa, basi halitajwi.

Wawili kati yetu wamekwisha kufaulu mtihani huo. Mmoja amenunua gari dogo kuukuu, na Jumanne, siku yake ya mapumziko, amejiandikisha kuwapeleka wazee kliniki Guildford.