Soko la Kakamega na Mboga Zenye Majina Mengi

Mtu aendaye kukaa katika nchi ya watu hana budi kujifunza mambo mawili kwanza: namna ya kuwaamkia wenyeji, na mahali wenyeji wanunuapo chakula chao. Mengine, kama vile sheria za mji na njia za magari, huja yenyewe. Nayaandika haya kwa ajili ya makarani na wakulima wenzangu ambao huenda siku moja wakapata ruhusa ya masomo au kazi nje ya nchi yao, wakajikuta wamesimama sokoni wasijue la kununua.

Mimi ni mtu wa Mwanza, Tanzania, karani wa serikali. Nilipewa ruhusa ya masomo ya miaka miwili katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, chuo kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, nacho kipo katika mji wa Kakamega, magharibi ya Kenya. Mke wangu na mimi tulisafiri kwa basi mpaka Sirari, tukavuka mpaka na kuingia Isebania, tukapita Migori na Kisii hata tukafika Kisumu. Kutoka Kisumu kwenda Kakamega ni kama kilomita 50, na barabara hupanda. Njiani msafiri huvuka mstari wa Ikweta, na kabla ya kuingia mjini, mahali paitwapo Ilesi, huliona lile jiwe refu litiririkalo maji, ambalo watu huliita Jiwe Linalolia. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni nyingi, na hapana kipande cha ardhi kisichoota kitu.

Katika nchi yenye rutuba namna hiyo mgeni hudhani kwamba kupata chakula kizuri ni jambo jepesi. Kwetu halikuwa jepesi, na ilitulazimu kulishughulikia upesi. Tulipokuwa tumekaa miezi mitatu, mke wangu akiwa na mimba, aliambiwa kliniki kwamba damu yake imepungua. Kipimo chake kilikuwa 9.3, na mama mjamzito yafaa asiwe chini ya 11. Muuguzi alimpa vidonge vya madini ya chuma, akamwonya asiache kuvimeza hata siku moja. Kisha akamwagiza na chakula: ale maharagwe, omena, nyama ikipatikana, na mboga za kienyeji kwa wingi, yaani managu, saga, mrenda na mito, akamulie ndimu, wala asinywe chai pamoja na chakula, maana chai huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Tulirudi nyumbani na majina ya vyakula ambavyo hatukuvijua.

Kwanza nilikwenda katika duka kubwa la mjini. Humo mlikuwa na unga katika pakiti nzuri, na asali katika chupa, na juu ya vyote yameandikwa maneno ya kusifu kwamba ni vya asili na safi kabisa. Bei ilikuwa kubwa, nami nilikuwa mtu wa kuhesabu kila senti, kwa kuwa shilingi moja ya Kenya hununuliwa kwa zaidi ya shilingi kumi za kwetu. Nikajiuliza: neno hili "asili" limeandikwa na nani, na ni nani awezaye kunijibu nikimwuliza shamba liko wapi? Pakiti haina kinywa. Basi nikatoka, nikaenda sokoni.

Soko la Kakamega huamka mapema. Wanawake hufika na magunia kutoka pande za Shinyalu, Khayega na Malava, nao huyafungua chini na kupanga mafungu ya majani mabichi. Kelele ni nyingi, na lugha ni Kiluhya cha namna mbalimbali, kwa maana Waluhya ni nyumba nyingi, kila moja na matamshi yake. Mchuuzi mmoja aliniuliza kama nataka sukuma. Kwa kuwa mimi ni Msukuma, nilishangaa kidogo kuulizwa hivyo mbele ya watu, mpaka nilipoonyeshwa majani ya sukuma wiki, ambayo Wakenya wameyapa jina hilo kwa sababu humsaidia mtu mwenye fedha kidogo kuisukuma juma mpaka mwisho.

Nilimwendea mama mmoja mzee aliyeketi pembeni, nikamwamkia kwa neno nililofundishwa na jirani: "Mulembe, kukhu." Akaitika, "Mulembe, mwana," akanitazama, akacheka. "Wewe ni wa Tanzania. Kiswahili chenu ni cha vitabu." Nikamweleza habari ya mke wangu. Hapo akaacha kucheka, akaanza kunionyesha fungu moja baada ya jingine, na ndipo nilipogundua ajabu yenyewe: karibu kila kitu alichonionyesha nilikuwa nakifahamu tangu utoto, ila kilikuwa kimevaa jina jingine.

Ndugu msomaji, jina lisikutishe. Managu ni mnavu wetu. Waluhya huuita lisutsa. Saga ni mgagani. Wao husema tsisaka. Mrenda ni ule mlenda wetu wenye kuteleza, nao huitwa murere. Terere, au tsimboka, ni mchicha. Seveve ni majani ya maboga, na likhuvi ni majani ya kunde. Mito, ambayo wao huiita miroo, ndiyo marejea. Omena ni dagaa wa ziwa lile lile tunaloliona Mwanza, ila wamevuliwa upande wa pili. Hata kipimo cha nafaka kina jina lake: kopo la kama kilo mbili huitwa gorogoro, na asiyelijua neno hilo hawezi kupatana bei ya mahindi wala ya wimbi.

Yule mama alinifundisha na kupika, kwa maana kununua bila kujua kupika ni kutupa fedha. Lisutsa na tsisaka ni chungu, basi hutiwa maziwa na kuchemshwa kwa moto mdogo mpaka uchungu upoe. Wako wanaomwaga maji ya kwanza, lakini sehemu ya nguvu ya mboga huondoka na maji hayo. Miroo huchanganywa na murere ili uchungu na utelezi visaidiane. Murere hulainishwa kwa maji ya majivu: wenyeji huchoma maganda makavu ya maharagwe, huyatia majivu katika chombo chenye matundu, humimina maji juu yake, na yale yachuruzikayo ndiyo chumvi yao ya kale. Mboga hizi huliwa na ugali, ambao Waluhya huuita obusuma, nao hawahesabu kwamba mtu amekula kama hakuupata.

Yako maswali ambayo mnunuzi hana budi kuyauliza. La kwanza ni hili: mboga hii imeota wapi? Katika miji mingi wako watu wanaolima kandokando ya mifereji ya maji machafu, na majani hayo hupendeza sana kwa macho. Usafi wa jani hauonekani kwa kulitazama. Hutegemea maji na udongo uliolilea. La pili: limenyunyiziwa dawa lini? Jani lenye matundu madogo ya wadudu lisidharauliwe, ingawa matundu peke yake si ushahidi kamili. Njia iliyo bora ni kuwa na mwuzaji mmoja au wawili wa kudumu, ambao leo unanunua kwao na kesho utawakuta pale pale. Mtu wa namna hiyo haoni faida kukudanganya. Mwezi wa pili yule mama alikataa kuniuzia fungu moja la tsisaka, akisema hakulichuma yeye mwenyewe na hajui limetoka wapi. Tangu siku hiyo sikuwa na haja ya kumwuliza mengi.

Wimbi nao una hila zake. Ni nafaka bora kwa uji, yenye madini mengi ya kujenga mifupa, lakini ukipurwa juu ya ardhi tupu huchanganyika na mchanga. Uweke kiganjani, uupeperushe, kisha utafune punje chache kabla ya kulipa. Nyumbani uoshe, uanike, ndipo uupeleke kwenye mashine ya kusaga. Kuhusu asali, watu watakuambia uijaribu kwa kijiti cha kiberiti au kwa kuitia katika maji. Majaribio hayo hayathibitishi kitu. Afadhali ununue kwa mrinaji anayejulikana. Kuna pia mukombero, mzizi wenye harufu nzuri ambao wanaume huutafuna. Mzizi huo umechimbwa mno katika Msitu wa Kakamega, ambao ndio masalio ya upande wa Kenya ya misitu ya mvua kama ile ya Kongo. Wako wakulima walioanza kuupanda mashambani mwao, na huo wa shambani ndio wa kununua, ili msitu upumzike.

Baada ya hayo nilijiuliza kwa nini mimi, mwana wa mkulima, nilihitaji kwenda nchi ya ugenini ili nithamini mgagani. Nilisoma sekondari ya misheni, na katika shamba la shule tulifundishwa kuung'oa mgagani na mnavu kama magugu, ili kabichi ipate nafasi. Kabichi ilikuwa chakula cha watu waliostaarabika. Mnavu ulikuwa chakula cha bibi. Mambo yalikuwa hivyo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na mbegu za mboga hizi zilibaki mikononi mwa wanawake wazee, waliozihifadhi katika vibuyu bila kusifiwa na mtu. Huku Kakamega miwa nayo ilichukua mashamba mengi, hasa tangu kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kazi mwaka 1973, na palipo na miwa mpaka mlangoni hapabaki nafasi ya bustani.

Wasomi wa Kenya hawakunyamaza. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, bingwa wa kilimo cha bustani, ambaye utotoni mwake mwili wake ulikataa vyakula kama nyama, samaki na maziwa, akalelewa kwa mboga za kienyeji, alitumia miaka mingi kuchunguza mbegu zake na faida yake, akapewa Nishani ya Edinburgh mwaka 2014. Tena, Desemba 2021, shirika la UNESCO liliiandika kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano mizuri ya kulinda urithi. Basi yale tuliyoyaita magugu yameandikwa katika vitabu vya dunia.

Mke wangu alimeza vidonge vyake na kula mboga kila siku, na chai akaihamishia saa mbili baada ya chakula. Kipimo cha miezi miwili baadaye kilikuwa 11.2. Sisemi kwamba ni mboga peke yake zilizofanya kazi hiyo. Muuguzi alisema vyote viwili vilihitajika, nami naamini. Mtoto ni wa kike. Yule mama wa sokoni alimpelekea kuku wa kienyeji, ingokho, naye alikataa kabisa kupokea fedha.

Kwa hiyo nawashauri hivi wale watakaosafiri. Chukueni kitabu kidogo, mwandike jina la kila chakula kwa lugha ya nyumbani na kwa lugha ya mahali mlipo. Nunueni kwa mtu mwenye shamba au anayelijua shamba. Ulizeni bila kuona haya, na muamkie kabla ya kuuliza. Nanyi wakulima mliobaki nyumbani, kabla ya kuung'oa mnavu uliojiotea penye mahindi, uacheni mche mmoja ukomae utoe mbegu. Siku moja mtu wenu ataambiwa kliniki aende akautafute, na itakuwa vema akiupata karibu na mlango.