Waliokuja na Majani

Tangi langu la kioo lina siku kumi na mbili. Samaki bado sijatia, lakini maji yamejaa wakazi! Wamekuja na majani ya maji niliyopewa na jamaa mmoja. Bi mkubwa ameshatoa hukumu: "Mwaga, hayo maradhi."

Ndugu msomaji, usimwage usichokijua jina. Nimeazima lenzi ya fundi saa, nikakaa. Kidudu hutambulika kwa mwendo kabla ya umbo. Anayeruka kwa mishtuko, jicho moja, jike lake limening'iniza vifuko viwili vya mayai, ni saiklopi. Hapo mama ana haki kidogo: saiklopi wa madimbwi ndio humbebea mtu mnyoo wa Guinea akiwanywa. Lakini nani anakunywa tangi? Yule kama punje ya ulezi, anayebiringika ndani ya magamba mawili, ni ostrakodi. Hao chakula cha samaki, basi.

Wa tatu ndiye kaninyima usingizi. Uzi wa kahawia kiooni, mikono sita. Ukiugusa unajikunja kuwa kitone. Haidra! Hukamata hata vitoto vya samaki, na vitoto ndivyo ninavyotegemea kuuza, ninunue karatasi za riwaya.

Nilishashika wembe niwakwangue, nikamkumbuka Abraham Trembley. Miaka ya 1740 huko Uholanzi alimkata haidra vipande viwili. Kila kipande kikakua haidra mzima. Wala hakuwa profesa, alifundisha watoto wa bwana mmoja nyumbani kwake!

Wembe nimeuweka. Nawavuta kwa bomba la sindano, mmoja mmoja, hadi kwenye chupa ya jamu. Leo kumi na wanne. Mama anahesabu.