Damu Isiyo na Mpangilio na Swali Tulilolipita



Ndugu zetu katika imani, kina mama na mabinti zetu, leo tunaandika jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, na ambalo sisi wenyewe tuliwahi kulikosea.

Ramadhani moja tulialikwa Migori kusomesha darsa za baada ya Alasiri. Kina mama waliandika maswali yao kwenye vikaratasi wakamkabidhi ahli yetu, naye akituletea. Siku moja ikaja karatasi ya mama kijana wa Homa Bay, aliyekuja kufunga kwa dada yake. Alieleza kwamba tangu aache sindano ya kupanga uzazi, siku zake hazina mpangilio. Huenda miezi miwili asizione. Sasa damu kidogo kidogo ilikuwa imemtoka kwa siku 16. Je, aswali na kufunga, au aache?

Tulijibu kama walimu wetu walivyotusomesha. Katika madhehebu ya Imam Shafi, uchache wa hedhi ni usiku na mchana, kawaida yake siku 6 au 7, na wingi wake siku 15. Inayovuka hapo huingia katika hukumu za istihadha. Bi Fatima bint Abi Hubaysh alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu damu isiyokatika, akafahamishwa kuwa hiyo ni damu ya mshipa, wala haimzuilii swala. Basi tukamwandikia: aoge, ajisafishe na kujifunga vyema, atie udhu kwa kila swala ya faradhi wakati unapoingia, aswali na afunge. Tukaikunja karatasi, tukidhani tumemaliza.

Mwishoni mwa karatasi ile palikuwa na mstari mmoja tuliousoma na kuupita: tumbo la chini lilikuwa likimuuma upande mmoja.

Siku ya tatu, wakati wa daku, alianguka akazimia. Hospitalini ikabainika kuwa mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, ndani ya mrija, na mrija umepasuka. Alifanyiwa upasuaji alfajiri ile na kuongezwa damu. Alhamdulillahi, yu hai. Tulimwomba radhi kupitia kwa ahli yetu, akatusamehe, na ameridhia tuyaandike haya pasi na kumtaja jina.

Hakuna aliyeidhania mimba, kwa kuwa kupotea kwa siku zake kulikwisha kuzoeleka. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba mama yule alikuwa na maswali mawili, nasi tulijibu moja. Swali la ibada hujibiwa na fiqhi. Swali la damu hii inatoka wapi hujibiwa na tabibu, na jibu la kwanza halilifuti la pili.

Tuliwauliza wauguzi, wakatufundisha. Kwa mwanamke mzima, mzunguko wa kawaida huwa baina ya siku 21 na 35. Kwa msichana aliyebaleghe karibuni, na kwa mama anayekaribia kukoma hedhi, kuyumba si ajabu. Sindano na vipandikizi, kunyonyesha, dhiki ya moyo, kukonda sana, maradhi ya tezi na mvurugiko wa homoni, yote huweza kuzichelewesha siku. Lakini yai hutangulia damu. Kwa hiyo mama aliyeacha sindano, au anayenyonyesha, aweza kushika mimba kabla hajaona hedhi hata mara moja.

Basi mke ambaye siku zake hazihesabiki asikae na wasiwasi, wala asijitulize kwa kubahatisha. Kipimo cha mkojo hupatikana katika maduka ya dawa. Apime wiki 3 baada ya kukutana na mumewe. Majibu yakiwa hakuna mimba na damu bado haijaja, arudie baada ya wiki moja, kisha amwone mhudumu wa afya. Na akiona damu pamoja na maumivu ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au kuzimia, asingoje hata kuche. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Huko Migori na Homa Bay, kama huku kwetu pwani, malaria ni nyingi, na dawa ya kumkinga mjamzito huanzwa baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Asiyejua kuwa ana mimba hawezi kujua lini aanze, wala ni dawa zipi ajiepushe nazo. Kujua mapema ni hifadhi ya nafsi mbili.

Enyi waume, nauli ya kwenda kupimwa ni sehemu ya kumtunza mkeo. Enyi wazazi, binti aliyechelewa siku zake msimtupie dhana. Qur'ani katika Suratul Hujurat imetuonya na dhana, na kuchelewa kwa damu si ushahidi wa zinaa. Mpelekeni kwa tabibu kwa upole.

Nasi masheikh, vikaratasi vya kina mama tuvisome mpaka mstari wa mwisho. Tangu siku ile, kila swali la damu tunaloletewa, kabla hatujajibu humtuma ahli yetu aulize: je, kuna maumivu, na je, umepimwa?

Allah atuhifadhie mama zetu, wake zetu na mabinti zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.