Jina la tatu la mtoto ni la nani?

Kijana mmoja wa Mikindani alirudi nyumbani na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe wa kwanza. Mama mkwe wake, mzaliwa wa Msimbati karibu na mdomo wa Ruvuma, akaomba asomewe. Mussa Hamisi Salum. Bibi akasikiliza, kisha akauliza: "Sasa huyu ni wa ukoo gani, mwanangu?"

Kijana alidhani ameshajibu. Mussa ni mtoto, Hamisi ni yeye mwenyewe, Salum ni baba yake.

Ndivyo majina yanavyopangwa pwani hii: Mussa bin Hamisi bin Salum. Jina la tatu linaonekana kama la ukoo, kumbe ni la babu tu. Mussa akipata mtoto, Salum anatoka kwenye foleni. Ndiyo maana wajukuu wa ndugu wawili wanaweza kukaa dawati moja shuleni bila hata jina moja la kufanana.

Waholanzi wengi nao walikuwa hivyo. Pieter mtoto wa Jan aliitwa Pieter Jansz, yaani wa Jan; mwanawe Klaas akawa Klaas Pietersz. Mwaka 1811, nchi ikiwa chini ya Napoleon, ilitoka amri kila familia iandikishe jina lisilobadilika. Jina likaganda pale lilipofika. Leo mtu anaitwa Jansen, na baba yake wala si Jan.

Huku kila nyumba inaamua yenyewe. Wengine hulishikilia jina la babu vizazi vyote, na si vibaya, mradi lianze kwenye cheti cha kuzaliwa. Likibadilishwa njiani, cheti cha shule kinasema hivi na kitambulisho cha NIDA kinasema vile, na hapo ni safari za kiapo.

Lakini bibi hakuuliza hayo. Kwa Wamakonde, kama kwa Wamakua na Wayao, ukoo hufuata mama, na ndio ulioamua nani asioane na nani. Mtoto anaweza kuwa na majina matatu na ukoo wake usiwemo hata katika moja.

Jioni kijana alichukua daftari. Bibi akataja: mama yake, mama wa mama yake, mpaka yule aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa msichana. Jina la mama wa huyo hakulikumbuka. Akasema atamuuliza dada yake.